Makofi Si Kura

Daftari la mihtasari la mwaka wa tisini na saba
mende wamelila pembeni, ila wino umeshika.
Nimelishusha leo kutoka juu ya kabati,
si kwa ukaguzi; wakaguzi hawapandi tena Uru
tangu bei ya kahawa ilipowahamisha hata panya ghalani.
Nimelishusha kwa sababu ya taarifa ya habari.

Bi. Doroti, sijui kama ungali hai.
Ulikuja kutoka Amerika na buti za kupandia mlima
ambao hukuupanda,
ukakaa nasi masika mawili katika chumba cha mizani,
ukala kiburu ukasema kitamu (uongo wako pekee ninaoujua),
ukanifundisha kupanga ukurasa:
waliohudhuria,
wasiohudhuria kwa udhuru,
wasiohudhuria bila udhuru,
yatokanayo.
Na jina la mwenyekiti, ukasema,
liandikwe kwa herufi za ukubwa uleule.
Nilidhani unabania wino.

Kisha ile Jumamosi ya Kundaeli.
Vipindi vyake viwili vimekwisha, kanunua sukari ya chai,
kasimama: “Katiba ya chama ni karatasi.
Ghala hili nani alilijenga?”
Kina Aminieli wakapiga makofi
mpaka njiwa wakatimka kwenye mabati.
Nami, nisamehe, nilikwisha kuandika *amepita kwa ma*
ulipoinama begani kwangu na Kiswahili chako cha kuchechemea:
“Elianasia, makofi si kura. Makofi hayahesabiki.”

Neno lile lililokatika limo humu bado, nimelifuta kwa mstari mmoja.

Tukaleta debe. Punje ya buni, abaki.
Punje ya mahindi, aondoke.
Mahindi mia na kumi na mbili.
Buni arobaini na moja.
Kundaeli akalichungulia debe muda mrefu,
kama mtu aliyeangusha pete kisimani,
akatoa funguo: wa ghala, wa kasiki,
na wa choo cha mwenyekiti,
ambacho hatukujua kuwa kina ufunguo.

Jana nilishuka Moshi mjini kusuka.
Saluni ya Ndeshi ina televisheni kubwa kuliko kioo.
Nikamwona rais wa kwenu akiuliza
jaji ni nani hata amzuie.
Mkaguzi kafukuzwa usiku kwa barua ya mistari miwili.
Na kuhusu kipindi kingine watu wake wanatania,
utani ule unaoanza kwa kicheko
ukaishia ndani ya katiba.
Ukumbi mzima ulisimama. Walipiga makofi.
Nilitafuta njiwa.

Wasichana wa saluni walicheka, “Kumbe na wao!”
kicheko cha wanafunzi waliomfuma mwalimu anaibia mtihani.
Mimi sikucheka. Wala sina mimbari ya kupanda:
nasi tunayo masanduku yetu
tunayoyazungumzia mlango ukiwa umefungwa,
na lile debe, Bi. Doroti, liliibwa zamani;
nasikia mtu analipimia mashudu.

Nilichotaka kukuuliza ni hiki:
ulitoka nayo kwenu, maneno yale,
au uliyaokota njiani, mahali ambapo mtu aliibiwa?
Maana nilidhani huko kwenu yamo ukutani,
kwenye saruji, hayahitaji mtu wa kuinama
begani kwa karani na kumshika mkono.

Sina anwani yako. Nafungua ukurasa wa mwisho.

Msimu uliofuata, tarehe kumi na tisa Oktoba,
Kundaeli alikuja na gunia lake mgongoni.
Mtu akataka kumpisha. Akakataa.
Alipanga foleni nyuma ya mjane wa Kisaka,
akasubiri, akafuta jasho, akafikiwa.
Nimeandika hapa: kilo thelathini na saba na nusu.
Ile nusu alinigombea,
akisema ni robo tatu.

Nikampimia tena.